Kopo Lenye Picha ya Samaki

Esekon aliponipasua nyusi kwa fimbo, alikuwa amesimama wima bila kuiegemea, na mimi ndiye niliyempa magoti hayo.

Mume wangu huyu ni mfugaji. Kwake samaki ni chakula cha mtu asiye na mbuzi. Baba yangu ni mvuvi wa Kalokol, na Esekon hajawahi kumwita mkwe. Humwita yule maskini wa samaki. Siku niliyothubutu kupika samaki, alinimwagia sufuria miguuni, ikiwa bado inachemka.

Magoti yake yalipokakamaa, nilienda kwa Annick, Mkongomani anayeuza dawa hapa Kakuma. Aliniwekea makopo mawili ya unga wa kolajeni: moja limetokana na ng'ombe, jingine na samaki. "Yote ni ya viungo na ngozi, mama. Chagua." Nikachagua. Miezi mitatu nilimkorogea kwenye chai ya asubuhi.

Jana akalifuma kopo, na picha ya samaki haihitaji mtu asomewe. Alinibamiza ukutani, akanikanyaga mbavu. Nilipochomoka alinikimbiza mpaka mto mkavu wa Tarach, yeye ambaye mwaka jana alikuwa anashikwa mkono kwenda chooni.

Leo Annick ananifuta damu iliyoganda.

"Lakini la ng'ombe lilikuwepo, mama, bei moja. Angelikunywa bila neno."

"Najua," nikamwambia. "Kila asubuhi nilikaa mbele yake, nikamtazama akimeza."