Jogoo kwa Pikapu ya Elinaza

Marehemu mume wangu, Elinaza, aliniachia vitu viwili vyenye kelele: mwanangu Sadock na pikapu. Pikapu hiyo ilishusha tangawizi mbichi na udongo wake kutoka Chome, ikapandisha mbuzi kutoka Kisiwani, na mbuzi akiwa safarini haombi ruhusa ya kujisaidia. Udongo na mkojo, mkojo na udongo. Kutu ikala milango, ikala madigadi, ikateremka sakafuni.

"Mama, hili ni chuma chakavu," akasema Sadock. "Mavuno yakipita tu, naliuza. Ni mali ya baba, na mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa wa wapi? Ulikojoa humo kabla ya mbuzi."

Mimi nililitaka gari langu. Miguu yangu na mlima wetu haielewani tena. Nikamwita Benson, fundi bodi wa Same mjini, nikaweka kigoda pembeni yake. Alikuja na puti yake ya kuzibia mashimo ya bati, anataka kuibandika juu ya kutu kama anapaka siagi kwenye mkate.

"Kwangua kwanza."

"Bibi, puti inaficha."

"Hata gauni linaficha. Kwangua mpaka chuma king'ae."

Akakwangua kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akafuta vumbi, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Ilipokauka ndipo puti ikaingia kwenye vishimo. Kila akimaliza napitisha kidole. Kidole kikikwaruzwa, anarudia. Mlango wa dereva aliurudia mpaka akaniuliza kama nina mpango wa kuliozesha gari.

Ikabaki sakafu ya mbele, upande wa abiria. Nikaenda jikoni kugeuza makande. Niliporudi, kapeti lilikuwa limeshatandikwa.

"Hapo chini vipi?"

"Safi, Bibi. Kwani nani atafunua kapeti?"

Jumapili ya mavuno tulimpitia Mchungaji Simeoni, mtu mzito wa mwili na wa mahubiri. Sadock kwenye usukani, Mchungaji dirishani, mimi katikati na jogoo wangu wa sadaka mapajani. Kwenye kona gari likadunda, nikasikia kwaa! Mchungaji akatamka neno ambalo halimo kwenye liturujia. Benson alikuwa ameziba tundu kwa boksi na puti, na mguu wa mtumishi wa Mungu ulikuwa umepita hapo pamoja na kapeti, unaning'inia juu ya barabara. Tuliuvuta ukarudi. Kiatu hakikurudi, kilibingirika bondeni kwenye migomba ya watu.

Akaongoza ibada na soksi moja.

Kwetu, ibada ikiisha, sadaka za mavuno hunadiwa uwanjani: ndizi, mayai, miwa. Sadock alikuwa anawatangazia wazee kwa sauti, "Takataka hiyo! Kesho inakwenda kwenye mizani ya chuma chakavu."

Nikasimama na jogoo wangu kwapani.

"Mwaka huu sitoi jogoo. Natoa pikapu ya marehemu."

Sadock akafungua mdomo. Uwanja mzima ukamgeukia, uone kama atamnyang'anya Mungu. Akaufunga.

Mzee wa kanisa akanadi: "Pikapu! Milango inang'aa, na ina dirisha la sakafuni! Nani?"

Watu wakatazama soksi ya Mchungaji, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Sadock naye, baada ya kuiita takataka, angeunyoosha vipi?

"Jogoo!" nikasema.

"Jogoo mara ya kwanza! Jogoo mara ya pili!"

"Mpeni Mama," akasema Mchungaji, "mradi mimi nirudi kwa miguu."

Jogoo akaenda kwa Bwana, kama ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo. Pikapu ikawa yangu mbele ya usharika mzima.

Kesho yake Benson alikuwa chali chini ya gari, anakata sakafu iliyooza ili achomelee bati jipya. Nilimwambia hata pembezoni akwangue kwanza. Safari hii sikunyanyuka kwenye kigoda. Makande yalikuwa jikoni, na Sadock ndiye aliyekuwa anayageuza.