Ufagio Nilioupeleka Maabara

Nilisoma hadi darasa la saba tu, kwa hivyo anayejua kuandika kunishinda anisamehe. Ninawaandikia wazazi ambao watoto wao wamefika mahali sisi hatujawahi kufika, na bado tunataka kuwafundisha kazi.

Binti yangu Wangechi ni daktari wa vitu, si wa watu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza akina mama wa kanisa hapa Ngoliba. Alikuwa akifanya utafiti wa kauri kwenye maabara moja kule Ruiru. Mimi nilifikiri ni vikombe. Akacheka akaniambia, "Mami, natengeneza mfupa." Alikuwa anasaga mchanga mweupe mpaka unakuwa laini kupita unga wa chapati, anauchanganya na dawa zake, anaukandamiza, kisha anauchoma kwa tanuri siku mbili. Kipande hicho siku moja kingewekwa kwa mguu wa mtu aliyevunjika, na mfupa wake ukue ukishikana nacho. Miaka tisa alifanya hiyo kazi moja. Vipande vilikuwa vinapasuka, anaanza tena.

Miaka minne iliyopita nilienda kumwona. Nilikuta meza na sakafu zimejaa vumbi jeupe. Mashine ya kunyonya vumbi ilikuwa imeharibika na ofisi ilikuwa imeahidi nyingine. Sasa mimi nimelea wasichana watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kazi asubuhi kabla ya kufagia. Nikamuuliza Wangechi, mbele ya watu, kama hivyo ndivyo nilivyomlea. Aliyenijibu ni fundi wa tanuri, Jared, mzee mwenye mvi aliyetoka Siaya.

"Mama, hapa hatufagii. Tunapangusa na kitambaa chenye maji."

Nikamwambia mwanamume atajua nini kuhusu kufagia. Akacheka kwa heshima, akarudi kwa tanuri yake.

Nilipofika nyumbani nilifunga ufagio kwa mikono yangu, nikampa mtu wa kanisa ampelekee Wangechi.

Wangechi alijua. Hiyo ndiyo inaniuma. Alijua kumshinda Jared kwamba lile vumbi ukilifagia linaamka, linakaa hewani, na wewe unalivuta. Lakini alikuwa anafika saa kumi na mbili na nusu, wengine hawajaja, anafagia kwanza ndipo anapangusa. Barakoa zikiisha anajifunga leso. Aliniambia baadaye kwamba akiona sakafu nyeupe alikuwa anasikia sauti yangu.

Kikohozi kilipoanza nilisema ni baridi ya Ruiru. Alipokonda nikaogopa ni TB, nikamwambia asimwambie mtu, maana watu watasema. Tukamchemshia tangawizi na asali. Akina mama wakamwombea. Miezi minane ikaenda hivyo, mpaka dadake Waruguru akamshika mkono akampeleka kupigwa picha ya kifua hapo Thika.

Daktari Kivuva alituonyesha ile picha. Alisema vumbi la mchanga limeacha makovu kwenye mapafu, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Akiendelea kulivuta, yataongezeka haraka. Alisema asirudi huko hata kesho.

Tulikaa kwa benchi ya nje. Wangechi alikuwa amebakisha miezi mitano amalize kipande cha mwisho na kukionyesha kwa wakubwa.

"Mami, niache?"

Mtu ambaye ameamua kuendelea haulizi hivyo. Alikuwa anataka nimwambie aache, ili asionekane ni yeye aliyeshindwa. Nilijua hivyo nikiwa nimeketi palepale. Lakini nilifikiria kanisani, vile wananiita Mama Daktari na kunipa kiti cha mbele.

Nikasema, "Maliza kwanza. Umebakisha kidogo tu."

Waruguru aliniangalia, akaenda kutungojea kwa geti. Mzazi unayesoma hii, mtoto wako akikuuliza swali kama hilo, mwambie aache. Mwambie hapo hapo. Usiangalie kiti chako kanisani.

Alimaliza. Kipande kilitoka kwa tanuri kikiwa kizima, kidogo kama kidole changu cha gumba. Siku ya kukionyesha, ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu, na lile jengo halina lifti. Wangechi alipanda ngazi sita, akashika ukuta, akakaa chini. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Jared aliinama. "Daktari, wacha nikubebe."

"Beba mfupa," akamwambia. "Mimi nitakuvunja mgongo." Na hali alikuwa amebaki mwepesi kama kapu tupu.

Jared alichukua kile kisanduku na zile karatasi, akapanda. Tuliketi hapo chini, mimi na binti yangu, nikimpepea na kitambaa cha kichwa. Tulisikia Jared akisoma, lakini maneno hayakutufikia. Kisha watu wakapiga makofi, mengi, yakakaa muda.

"Wamependa," nikamwambia.

Alitaka kunijibu. Nilimwona akifungua mdomo, akingoja hewa ije.