Rangi Mbili Tumboni mwa Mama

Mtaani walimwita Bibi Rangi Mbili, kwa zile kapsuli za rangi mbili alizouza katika duka lake la dawa: mbili kwa mafua, tatu kwa kidonda, hata kwa mtu aliyelala vibaya shingo ikakaza. Jina alilipenda. Leo, kando ya kitanda cha mama yake wodini, hakupenda chochote, na zaidi ya vyote hakumpenda wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa amepiga magoti akifuta sakafu.

"Unafua nguo chafu za watu, ukitoka hapo unapika," akamwambia. "Ndiyo maana mama anaharisha hivi. Akipona nitamchukua akakae kwangu."

"Mchukue," wifi akajibu bila kuinua uso. "Kwanza apone."

Mama alikuwa amebaki ngozi na mifupa, tumbo limevimba na kukaza. Utumbo ukitoboka, daktari alikwishasema, basi. Kaka mtu alisimama mlangoni kama mgeni. Huyu dada alimtia woga tangu utoto, na uzee haukumsaidia kitu.

Daktari akaingia na majibu ya choo. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiye na tabasamu la kugawa.

"Ni bakteria sugu, si uchafu wa jikoni," akasema. "Nani amekuwa akimpa antibiotiki?"

Wifi akaacha kufuta sakafu.

"Dawa ya kuua bakteria italetaje bakteria?" Bibi Rangi Mbili akauliza, kwa sauti ile ya kuwafukuza wateja wabishi.

"Utumbo una ute, na nyuma ya ute kuna chembe za kinga zinazolinda ukuta. Lakini hazilindi peke yazo. Kuna bakteria wema wanaoishi humo, wamejaza kila nafasi, na hao ndio wanaozizoesha chembe za kinga kumjua adui. Ukiwafagia hao kila mara, ute unakonda, na kijidudu sugu kinakuta nyumba haina mwenyewe. Kinamwaga sumu. Kinga inakurupuka, inapiga ovyo, na ukuta wenyewe ndio unaoungua." Akafunua faili. "Nataka kujua ni dawa gani na ameimeza lini mara ya mwisho, niisimamishe na nisimpe ya jamii hiyo. Nikikosea, namuua."

Bibi Rangi Mbili alikumbuka vizuri. Wifi alikuwa amekataa kumpa mama zile kapsuli, akasema kila akimeza tumbo linazidi kulegea. Naye akamjibu akafungue duka lake la dawa ndipo afundishe watu. Tangu hapo alikwenda mwenyewe kila Ijumaa, wifi akiwa kazini, na jana asubuhi, mama akiwa bado nyumbani na tayari hawezi kukaa, alimpa mbili kwa mpigo. Aliogopa kwamba mama atakufa. Aliogopa pia, na hili lilimuuma zaidi, kwamba mfua nguo angekuwa amesema kweli.

Angeweza kutaja dawa na kumaliza. Lakini kaka yake alikuwa akimtazama, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kukohoa ili wasikie.

"Muulize huyo anayekaa naye," akasema, akimwonyesha wifi kwa kidevu. "Mimi ni mtu wa kupita tu."

Wifi akasimama, tambara likimchuruzikia maji miguuni. Kabla hajasema neno, mama akafumbua macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Rangi mbili," akamwambia daktari. "Jana asubuhi. Nilikataa, binti yangu akanishika kidevu akanifungua mdomo."

Daktari, aliyezijua kapsuli hizo za madukani, akaandika, akatoka mbio akimwita muuguzi. Kaka mtu akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha macho.

Wifi alikwishanawa. Akaja kitandani na shuka safi mkononi.

"Sogea," akasema. "Nataka kumgeuza mama."

Akasogea.