Kufuli la Mlango wa Nyuma

Wapenzi wenzangu wa tamthilia ya Jumamosi kwenye runinga huniita Hakimu, na sikatai. Lifti inayopanda miaka badala ya ghorofa naimeza bila maji. Hiyo ni ndoto ya mtunzi, na ndoto haina mashahidi. Lakini abiria wake wakishuka katika mwaka ambao watu waliuishi kweli, nataka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa. Wakikosea redio au kiatu tu, kundi letu la simu halilali. Tabia hii nimeirithi kwa baba, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Yeye hata msibani husahihisha wasifu wa marehemu.

Jumamosi moja lifti ilishuka kwenye kiwanda chetu cha mashati, siku kilipoungua. Nasema chetu kwa sababu mama mdogo alikuwa akishona kola pale, akafia humo na wenzake kabla sijazaliwa. Baba alikuwa bawabu wa kiwanda hicho hicho. Nyumbani hadithi ni moja tangu nipate akili: mlango wa nyuma ulikuwa wazi, moshi ndio uliowapoteza njia. Mama ameiegemea hadithi hiyo miaka yote. Bila hiyo, sijui angewezaje kuishi na mtu aliyelinda milango ile.

Tuliketi watatu mbele ya runinga mchana ule, baba kwenye kiti chake, mama akichambua mchele kwenye sinia, mimi na simu mkononi.

"Aproni za bluu!" nikapiga kelele.

"Zilikuwa za kijani," baba akaitikia. "Na hiyo saa ya ukutani, mbona inatembea? Ilikufa zamani ile."

"Nyinyi wawili mtakuja kumsahihisha hata malaika," mama akasema, tukacheka.

Kisha moshi ukatanda. Washonaji wakakimbilia mlango wa nyuma, wakausukuma, wakaupiga mateke. Kamera ikahamia nje, na kufuli kubwa jeusi likajaa kwenye kioo.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. "Waongo wakubwa! Mlango ulikuwa wazi! Wanatafuta machozi ya watu kwa kufuli la kubuni. Baba, hebu waambie!"

Baba alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, macho yamekazwa kama yangu.

"Si kufuli lile," akasema. "Letu lilikuwa dogo, la shaba. Na ufunguo wake ulikuwa unakwama, mpaka uliinue kwanza ndio..."

Ulimi hauna mfupa, na maji yalikuwa yameshamwagika.

Mkono wa mama ulisimama juu ya sinia. Mimi nikakimbilia kuyazoa. "Baba anachanganya na lango la mbele," nikasema. "Si ndiyo, baba? La mbele?" Sijawahi kumtakia baba yangu kosa, lakini siku hiyo nililiomba kwa moyo wote.

Baba akaegemea nyuma kwenye kiti.

"Baba watoto," mama akaita, taratibu kabisa. "Nani alikuwa na ufunguo?"

"Tajiri alisema washonaji wanaiba vitambaa," baba akasema, akitazama mikono yake. "Aliagiza nifunge kila asubuhi. Nilirudi kufungua, mama watoto. Wallahi nilirudi. Ukakwama. Moshi ukanizidi."

Mama hakulia wala hakufoka. Laiti angefoka. Simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfululizo, kundi zima likiuliza hukumu yangu iko wapi. Niliilaza kifudifudi.

Kwenye kioo, abiria wa lifti walikuwa wamefika na nyundo. Kufuli likavunjika, mlango ukafunguka, na washonaji wakaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine, wakikohoa, wazima. Katika miaka yangu yote ya kutazama sijaona uongo mkubwa kuliko ule. Baba akafumbua mdomo. Nadhani na mimi niliufumbua wangu.

"Nyamazeni, wote wawili," mama akasema, macho yake yakipita uso hadi uso. "Waacheni watoke."