Leta Hii, Chukua Ile

Nimemwomba Mungu anipe ulimi mpole na bado hajanipa, kwa hiyo nitayasema kama yalivyo.

Marehemu mume wangu aliniachia chumba cha mbele chenye mashine ya kudarizi, kompyuta ya kuiendesha, na michoro mia mbili na kumi na minne aliyoichora mwenyewe: nembo za shule, majina ya watoto, maua ya pembe za vitambaa. Mashine bila mchoro ni sindano tu inayopiga kelele. Michoro ile ndiyo inayonilisha.

Shule niliishia msingi, lakini jambo moja alinifundisha mpaka likaingia kwenye mifupa. Kila Jumamosi asubuhi, chomeka diski. Nakili folda. Fungua michoro mitatu humo humo ndani ya diski, uione kwa macho yako. Chomoa. Diski ni mbili: moja inakaa kwangu kwenye kopo la biskuti, nyingine kwa wifi yangu, mtaa wa tatu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunabadilishana. "Leta hii, chukua ile," marehemu alituambia. "Na atakayekuja mikono mitupu, hata awe mimi, asipewe." Tulimcheka siku ile.

Sasa huyu shemeji yangu, kitinda mimba wao, anatengeneza kompyuta za watu na mtaani wanamwita Injinia. Jumamosi iliyopita alinikuta nanakili, akaangua kicheko.

"Shemeji, bado unachota maji kwa kijiko? Siku hizi programu inanakili yenyewe. Wewe unadarizi, yenyewe iko nyuma huko inachapa kazi."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma tu. Huioni."

"Nisichokiona nitajuaje kama kinafanya kazi?"

"Na Mungu je, unamwona?"

"Mungu hakuwekwa na wewe."

Alicheka, nami kwa ujinga wangu nikacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniponza. Aliweka programu yake, akaweka na nyingine za kuisaidia, akaniambia diski nisiichomoe tena. Tangu hapo kompyuta ikawa inachechemea. Mashine inasimama katikati ya herufi, inasubiri, utadhani kuna watu wasioonekana wanakula kwenye sahani yake. Nikamlalamikia. Alhamisi, nikiwa ibadani, akaingia kwa ufunguo wa akiba, "akasafisha".

Ijumaa asubuhi nikafungua folda. Tupu. Nikafungua diski. Tupu. Nikampigia simu.

"Aa, yale mafaili ya ajabu ajabu?" akasema. "Kwa programu zangu hayafunguki, nikajua takataka. Lakini usihofu, yapo kwenye diski."

"Hayapo."

"Ile programu inafananisha, shemeji," akasema. " Kikifutwa huku, inakifuta na kule. Haijakosea, imefanya kazi yake."

"Ndicho kinachoniuma! Imefanya kazi yake, kimya kimya, na mimi niko juu yake nadarizi!"

"Na ile ya kwa dada..." Sauti ikashuka. "Jana nilipita kuichukua, niifute, niiunganishe na mpango huu."

Sikungoja amalizie. Nilitoka na kandambili zisizofanana, nikaenda karibu kukimbia, mwanamke wa umri wangu. Wifi alikuwa anafua.

"Alikuja," akasema. "Eti umemtuma. Nikamuuliza, ya kubadilishana iko wapi? Akanuna, eti mimi dada yake wa tumbo moja namwona mwizi. Nikamwambia, hata kaka angefufuka leo, mikono mitupu haondoki nayo."

Nikaegemea ukuta, nikamshukuru Mungu. "Nipe basi, wifi."

Akafuta povu mikononi, akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe ya kwako iko wapi?"

Wallahi nilitaka kumrukia. Nikarudi mitaa mitatu nikiwa navuta pumzi kama mvukuto, nikachukua ile tupu, nikampelekea. Hapo ndipo akanipa iliyojaa.

Niliporudi, Injinia yuko mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, nisamehe."

"Kaa. Toa ulichoweka. Kimoja kimoja, na kila kimoja unitajie kilikuwa cha nini."

Alitoa vitano. Viwili hakujua ni vya nini. Kisha nikamwamuru arudishe michoro kutoka kwenye diski, na macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake. Ilirudi yote mia mbili na kumi na minne. Usiorudi ni mmoja, wa kwangu: nembo ya sweta sitini za shule, mchoro wa kwanza kuuchora mwenyewe maishani, wiki mbili zilizopita. Nilikuwa sijampelekea wifi bado. Sweta moja tu ndiyo ilikuwa tayari. Nikaitandaza mezani, mbele yake.

"Hii utaniangalia nikiichora upya, mshono kwa mshono. Na hutaongea."

Hakuongea. Nilipomaliza jua lilikuwa limeshageuka upande wa barabara. Nikamwambia anakili. Akanakili.

"Fungua mitatu."

Akafungua miwili.

"Nimesema mitatu."

Akafungua wa tatu.

"Chomoa. Mpelekee dada yako, ulete ile tupu tuijaze."

Akaichukua kwa mikono miwili, kama anayebeba yai. Nami nikafunga duka, nikamfuata hatua kumi nyuma, mpaka mlangoni kwa wifi.