Michemraba Miwili na Kisima cha Ipuli

Kwa miezi minane mzee Awadhi alikataa katakata, na Advera alishachoka kumbembeleza. Advera alitunza takwimu za visima vya mradi wa maji pale Tabora. Mzee Awadhi, mwenyeji wa mtaa wa Chemchem, alitunza za wagonjwa wa zahanati. Kila mmoja alikuwa na mchemraba wake kwenye kompyuta, ndivyo wataalamu wanavyouita: hesabu zilizopangwa kwa mahali, mwezi na umri, ukigeuza huku unaona vijiji, ukigeuza kule unaona miezi. Homa ya matumbo ilikuwa inaua watu, na bila kuunganisha michemraba hiyo hakuna aliyeweza kusema ni kisima gani kinawaua.

"Wagonjwa ni amana, binti yangu. Siwatoi mtaani," mzee alikuwa akisema.

"Sichukui kitu, mzee wangu. Nafungua dirisha tu. Hesabu zinabaki kwako, mimi nachungulia."

Jumatatu hiyo akakubali, kwa sharti la kuona idadi tu, majina hapana. Asubuhi nzima wakaoanisha mahali kwa mahali, mwezi kwa mwezi, maana Advera aliandika "Machi" na mzee aliandika tarakimu. Dirisha la namna hiyo halina huruma: usipoliambia kwamba hiki na kile ni kimoja, linakuonyesha sifuri, nawe unaridhika. Saa nane mchana likafunguka.

Kijiji cha Usoke, wagonjwa kumi na mmoja. Kisima cha Usoke, safi mwaka mzima. Ipuli, hapa hapa mjini, hakuna mgonjwa hata mmoja, na kisima chake kina uchafu tangu Februari! Mradi ulikiweka mwisho wa orodha ya matengenezo kwa sababu hiyohiyo, kwamba hakuna habari ya mgonjwa wa Ipuli iliyowahi kuwafikia. Jamani, watu na orodha zao!

"Umeunganisha kombokombo," mzee akatania. "Ninyi Wanyamwezi mmewahi kufanya jambo likanyooka?"

Advera hakucheka. Akateremka ngazi kwa ngazi ndani ya hesabu: Usoke, Machi, zaidi ya miaka sitini, mwanamke, mmoja, amefariki. Akampigia simu Adriano, mlinzi wa kisima cha Usoke, kumuuliza ni nani aliyeugua huko mwezi ule.

"Huku? Hakuna, dada. Tulimzika mama yako tu, mliyemleta kutoka mjini."

Advera akaiweka simu chini. Mama yake alikuwa ameishi naye Ipuli miaka sita, akinywa maji ya Ipuli. Alipompeleka zahanati akiumwa, karani aliuliza, "Kwao wapi?" na Advera hakutaja anakolala mgonjwa, alitaja kwao. Nani angejibu vinginevyo? Ipuli mtu anaishi tu. Kwao ni kule walikozikwa babu zake. Akalia pale pale mezani, bila kuficha uso.

Mzee Awadhi akavua miwani. Hakutania tena. Akafungua daftari la majina, lile aliloapa halitafunguliwa, akawapigia simu yeye mwenyewe wale kumi waliobaki, au jamaa zao, na swali lake lilikuwa moja: mnateka maji wapi? Wawili hawakupokea. Wanane walitaja kisima kimoja, cha Ipuli.

"Naandika barua kwa mradi sasa hivi," mzee akasema.

"Andika, mzee wangu. Mimi nakwenda kisimani."

Alimkuta Mwanajuma, jirani aliyekaa naye msibani siku zote tatu, akijaza ndoo ya pili.

"Dada, mwaga hayo maji. Yana ugonjwa."

Mwanajuma akamtazama. "Mmejua lini?"

Angeweza kusema leo, na usingekuwa uongo. "Kipimo tulikuwa nacho tangu Februari," Advera akasema. "Tulikiacha kwa sababu Ipuli haikuonekana kuwa na wagonjwa. Mama alikuwa mmoja wao, dada. Mimi ndiye niliyemwandikisha Usoke. Nisamehe."

Mwanajuma aliinamisha ndoo taratibu, maji yakamlowesha miguu.

"Mjukuu wangu amelazwa tangu juzi," akasema. "Wameniuliza kwao wapi. Nimesema Urambo."