Kiungo Aliyelala Mahali pa Mwanangu

Kifuniko cha sufuria kililia jikoni gizani, kli, mara moja tu. Hivyo ndivyo ndoto yangu ya usiku wa jana ilivyoanza, wala sikushangaa, maana mechi nazo huanza kwa mlio.

Nageuka nimguse mwanangu Nasra. Mkono unagusa goti lenye makovu. Katikati yangu na baba yake, mahali pake, amelala Mhispania mwenye jezi iliyolowa.

"Samahani dada," anasema. "Naitwa Eneko, kiungo. Kiungo hukaa katikati. Ndiyo sheria."

"Na mtoto wangu?"

"Yuko benchi."

Kweli, Nasra alikuwa jikoni juu ya kigoda, kavaa fulana ya akiba, anasinzia.

"Hatoki hapa mpaka msimu uishe," kigoda kikaniambia.

"Unaisha lini?"

"Yule akitoka katikati."

Nikamwamsha mume wangu, Shekue. Akafumbua jicho moja, akamtazama mgeni. "Huyo usimtoe, mama Nasra. Huyo ndiye anayechezesha timu." Akaendelea kukoroma.

Kufumba na kufumbua, kitanda kiko katikati ya uwanja, Uhispania, mvua inanyesha. Chandarua chetu kimefungwa golini.

"Usiniangalie hivyo," kikasema. "Nimepandishwa cheo."

Nikasimama wima, nikasema kama tulivyofundishwa kuandika barua darasa la jioni: "Ndugu Kiungo, husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba umpishe mwanangu."

Goti lake ndilo lililojibu. "Mimi nilishakubali kuacha kucheza, dada. Nimepasuliwa mara mbili. Klabu imempa kazi nzuri, kocha msaidizi. Mbishi ni huyu mwenyewe."

"Kocha msaidizi anakaa pembeni," Eneko akasema, akajivutia shuka kidevuni. "Tangu utoto kila mpira unapita kwangu. Huko pembeni nitakuwa nani?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, pale pangu.

"Kaka, mimi nalala hapa tangu mtoto azaliwe. Mguu mmoja nje, mgongo unapigwa baridi. Lakini akijifunua, namwona mimi. Akichemka homa, wa kwanza kujua ni mimi. Anayelala katikati hajui kitu, kalala tu."

Akafikiri. "Wanakushangilia?"

"Nani? Huyu?" Nikamwonyesha Shekue.

Akacheka. Goti nalo likacheka, likalia kwa maumivu, likacheka tena. Kisha akainuka polepole, akaenda kukaa miguuni pa kitanda. Mstari wa chokaa ukajichora kumzunguka, kama ule wa makocha pembeni mwa uwanja.

"Pasi moja ya mwisho," akaomba.

Akanyoosha mguu hadi jikoni kwetu, akamnyanyua Nasra kwa kisigino. Mtoto akapita juu ya uwanja, kalala fofofo, mdomo wazi. Mashabiki wote wakanyamaza asije akaamka. Akatua katikati ya kitanda, laini.

Kli.

Niliamka kumepambazuka. Nasra alikuwa katikati yetu. Shuka, ambalo kila asubuhi nalikuta sakafuni, lilikuwa limemfunika hadi kidevuni, limechomekwa vizuri pande zote. Miguuni pa kitanda palikuwa na jani moja la nyasi, bichi, limelowa. Uani kwetu ni saruji tupu.

"Shekue, wewe ndiye uliyemfunika mtoto?"

Akakoroma.

Nasra akafumbua macho, akatazama miguuni pa kitanda.

"Mjomba amenifunika," akasema.